Shajara ya mradi: Mwongozo wa kuchukua sampuli za ulinganifu wa tishu, Mtwara 2024

Shajara hii inafuatilia kazi moja ya kamati: kuandaa mwongozo wa Kiswahili wa kuchukua, kuweka lebo na kusafirisha sampuli za vipimo vya ulinganifu wa tishu (vya kuona kama kiungo cha mtu mmoja kitakubaliwa na mwili wa mwingine) na vya kutambua uhusiano wa damu, kwa ajili ya hospitali zilizo mbali na maabara inayopima. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali moja ya Mtwara na mjumbe wa kujitolea wa kamati ya mafunzo ya chama cha kitaaluma cha kimataifa cha fani hii. Kazi ya kamati haina mshahara wala posho ya kikao. Naandika ili mwenzangu wa Lindi, Songea au Sumbawanga anayekusudia kuandaa mwongozo wa namna hii asianzie pale tulipoanzia sisi.

10 Februari 2024: Mgawanyo wa kazi

Kikao cha kwanza cha mwaka kimegawa sura. Wajumbe wengi walitaka sura za usomaji wa jeni na za tafsiri ya majibu, jambo linaloeleweka, kwani huko ndiko kwenye mashine mpya na makala za kuandikwa. Sura inayohusu mambo yote yanayotokea kabla tyubu haijaingia maabara haikugombewa na mtu. Nimeichukua kwa hiari, kwa sababu ndiyo sura ambayo sisi wa kusini tuna la kuwaambia wengine.

Upandikizaji wa figo nchini ulianza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, ukafuata wa Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Figo hutolewa na mtu aliye hai, na kwa kawaida ni ndugu wa mgonjwa. Kwa mgonjwa wa Newala au Nachingwea, maana yake ni kwamba watu kadhaa wa familia huenda wakahitaji kutolewa damu kabla hajapatikana mmoja anayefaa, na si kila familia yenye nauli ya kuwapeleka watu watano Dar es Salaam ili wanne kati yao waambiwe warudi nyumbani. Damu ikisafiri badala ya watu, familia inapumua. Lakini damu hiyo ni lazima ifike katika hali ambayo kipimo kinaitaka, na vipimo vyenyewe havitaki hali moja.

Kipimo cha kusoma jeni za HLA, zile zilizo kwenye kromosomu ya 6 ambazo mwili huzitumia kutambua kilicho chake na kisicho chake, kinahitaji damu ya tyubu ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA, dawa inayozuia damu isigande. Tyubu ya heparini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, haifai hapo, kwa kuwa heparini huzuia kimeng'enya kinachozalisha nakala za vinasaba. Kipimo cha kutafuta kingamwili za mgonjwa, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kushambulia kisicho chake, kinahitaji seramu, maji yanayobaki damu ikishaganda, ya tyubu nyekundu isiyo na kitu. Kisha kuna kipimo ambacho watu wa maabara hukiita krosimechi, ambapo seramu ya mgonjwa hukutanishwa na chembe nyeupe za mchangiaji ili kuona kama itazishambulia. Hiki kinahitaji seli zilizo hai, kutoka tyubu ya kifuniko cha njano yenye ACD, ambayo nayo huzuia damu isigande. Seli zikifa njiani, hakuna kipimo.

Umuhimu wa krosimechi haukutokana na nadharia. Mwaka 1969 Patel na Terasaki walichapisha matokeo yao: kati ya wagonjwa 30 waliopandikizwa figo ilhali krosimechi ilionyesha mashambulizi, 24 figo zao zilishindwa papo hapo; kati ya 195 ambao krosimechi yao ilikuwa safi, walioshindwa ni 8. Nimeweka takwimu hizo mwanzoni mwa sura, kwa sababu mtoa damu aliyeko zahanati akizisoma, hataiona tena tyubu ya njano kama tyubu nyingine tu.

Tamko la mgongano wa maslahi limejazwa na fomu ya usiri imetiwa saini.

23 Machi 2024: Rasimu ya kwanza, na maneno "joto la chumba"

Rasimu ya sura imepita mikononi mwa wajumbe. Sentensi iliyoleta mjadala mrefu ni ile iliyonakiliwa kutoka miongozo ya zamani, kwamba tyubu ya krosimechi "ihifadhiwe katika joto la chumba". Mjumbe mmoja wa Ulaya aliona sentensi hiyo inatosha na haina haja ya nyongeza. Nilimtumia picha ya kipimajoto cha chumba chetu cha kutolea damu saa nane mchana: nyuzi 32, madirisha wazi, feni inazunguka. Sentensi imebadilishwa kuwa "kati ya nyuzi 18 na 25", na chini yake tumeeleza kwamba katika miji ya pwani hali hiyo haipatikani bila kiyoyozi au bila kisanduku kilichoandaliwa. Hadi sasa naiona hiyo kuwa sentensi yenye faida kuliko zote katika sura nzima, japo haina hata neno moja la sayansi mpya.

Pendekezo la pili la wajumbe, kwamba sampuli za majaribio zitumwe kwenye maabara ya mjumbe mmoja nje ya nchi ili zilinganishwe, limekataliwa baada ya maelezo. Sheria ya mwaka 2009 ya kudhibiti matumizi ya teknolojia ya vinasaba vya binadamu imeweka sampuli hizi chini ya mdhibiti, naye ni Mkemia Mkuu wa Serikali, na kupeleka sampuli za utafiti nje kunahitaji vibali na mkataba wa uhamishaji. Kwa jaribio la kupima kisanduku tu, mlolongo huo hauna maana. Tumekubaliana kwamba watumishi waliojitolea na kutia saini ridhaa watatoa damu hapa, maabara moja ya Dar es Salaam itahesabu seli zilizofika hai, kisha damu itaharibiwa. Hakuna kinasaba kitakachosomwa.

Jambo dogo la kiutawala, lakini lililotuumiza: mwaliko wa vikao uliandikwa kwa saa za New York, na Marekani ilisogeza saa zake tarehe 10 Machi ilhali Ulaya itasogeza tarehe 31. Kikao kilichokuwa saa tatu usiku kwetu kimekuwa saa mbili, na nusu ya wajumbe waliingia wakati ajenda imekwisha. Mialiko sasa inaandikwa kwa saa ya dunia, na kila mtu anahesabu mwenyewe.

13 Aprili 2024: Kifurushi cha kwanza

Kisanduku cha plastiki chenye povu kimenunuliwa kwa Sh 45,000. Vipimajoto viwili vinavyorekodi kila baada ya dakika kumi vimeagizwa Dar es Salaam kwa Sh 190,000, na tyubu za ACD, ambazo Mtwara hazikupatikana, kwa Sh 85,000. Damu ilitolewa jioni. Tyubu moja ya kila mtu ilibaki kwetu katika chumba chenye kiyoyozi kama kigezo, na nyingine ilipanda basi la alfajiri kutoka stendi ya Mkanaledi.

Kifurushi kilishindwa. Maabara iliyopokea iliripoti kwamba chembe nyeupe zilitengana vibaya na damu nyingine, na zilizo hai hazikufika 80%, kiwango ambacho kamati imekichukua kuwa cha chini kabisa kwa krosimechi. Tyubu zilizobaki Mtwara zilivuka kiwango hicho bila taabu. Basi kosa halikuwa la muda bali la safari.

Kumbukumbu ya kipimajoto ilimaliza ubishi: nyuzi 4 njia nzima. Aliyefunga kisanduku aliweka vibarafu vilivyoganda, kama anavyofanya kila siku kwa chanjo na kwa sampuli nyingine, na rasimu haikuwa na neno lolote la kumzuia. Mwongozo ulisema joto linalotakiwa. Haukusema kwamba barafu ni marufuku. Watu wa maabara tumefundishwa miaka yote kwamba baridi ni usalama, na mkono uliozoea hausomi nyuzi. Rasimu mpya inaanza na amri: "USIWEKE BARAFU kwenye tyubu ya njano", na sababu inafuata baadaye. Lebo nyekundu yenye maneno hayo inabandikwa ndani ya kifuniko cha kisanduku, mahali ambapo anayefunga hawezi kuacha kuiona.

27 Aprili 2024: Kifurushi cha pili na cha tatu

Bila barafu, tatizo likageuka upande wa pili. Kifurushi cha pili kiliwekwa kwenye buti la basi, na kipimajoto kilipanda hadi nyuzi 41 kabla basi halijafika Kilwa, kikakaa hapo kwa saa kadhaa. Seli zilikufa nyingi kuliko mara ya kwanza.

Suluhisho lilipatikana kwa vitu viwili. Kwanza, vibarafu vilevile vya jeli, vikiwa havijagandishwa, bali vimelazwa usiku kucha kwenye chumba cha nyuzi 22, vinapangwa kuzunguka tyubu ili kuzuia joto la nje lisiingie kwa haraka. Pili, kisanduku kisafiri ndani pamoja na abiria. Hili la pili lilihitaji mazungumzo na kondakta, ambaye alikitazama kisanduku, akakitikisa kidogo kabla sijamzuia, akauliza, "Dada, humu kuna dagaa au kuna dawa?" Nilimweleza kwamba ni damu ya watu, isiyotakiwa jua wala barafu wala kutikiswa. Akakisogeza mbali na yeye kwanza, kisha akakiweka chini ya kiti chake mwenyewe, upande usiopigwa na jua, na akadai nauli ya kifurushi mara mbili. Ni Sh 20,000 badala ya 10,000, na kwa maoni yangu ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika mradi huu.

Kifurushi cha tatu kilibaki kati ya nyuzi 21 na 26 hadi Mbagala, na seli zilivuka kiwango. Mwongozo sasa una mchoro wa mpangilio wa jeli, na aya inayomtaka mtumaji azungumze na kondakta ana kwa ana, ampe namba ya simu ya mpokeaji, na asiache kisanduku ofisini kwa wakala.

19 Mei 2024: Barabara imekatika, intaneti imekatika

Kimbunga Hidaya kilipita pwani tarehe 4 Mei, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga. Kifurushi cha nne hakikuondoka. Njia ya kuzunguka kwa Masasi, Tunduru, Songea na Morogoro ina zaidi ya kilometa 1,500, na hakuna chembe nyeupe inayosubiri kuzungushwa hivyo. Tulijaribu ndege: Sh 70,000 kwa kifurushi kimoja, na kwa siku ile ndege iliahirishwa hadi kesho yake.

Tarehe 12 Mei mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom nayo ilikatika, na kikao cha kamati kikafanyika bila mjumbe wa Tanzania. Nilituma maoni yangu kwa ujumbe mfupi kwa mjumbe wa Nairobi, naye akayasoma.

Yale maoni yalikuwa haya. Miongozo ya wenzetu inachukulia kwamba sampuli ikichelewa inatolewa nyingine. Hapa, mchangiaji aliyetoka Newala kwa bajaji na basi hawezi kuitwa tena kwa sababu daraja limebebwa na maji. Kwa hiyo tumetenganisha kazi. Damu ya zambarau ya kusoma jeni na seramu ya mgonjwa, ambazo zinavumilia kusubiri zikihifadhiwa ipasavyo, zitolewe na zitumwe mapema wakati wowote barabara inaporuhusu. Damu ya njano ya krosimechi isitolewe kwanza. Itolewe tu kwa mchangiaji ambaye tayari jeni zake zimeonyesha anafaa, na siku ambayo usafiri umethibitishwa kwa simu. Kwa mpangilio huu watu wengi wanatoa tyubu moja isiyo na haraka, na mmoja tu anatoa ile yenye haraka. Kamati imepitisha mpangilio huo kwa nchi zote, si kwa Tanzania pekee.

29 Juni 2024: Fomu ya uhusiano wa kifamilia

Fomu tuliyopewa ilikuwa na kisanduku kimoja cha kujaza uhusiano wa mchangiaji na mgonjwa. Katika majaribio ya kujaza, yaliyofanywa na watumishi kwa kutumia familia zao wenyewe, karibu kila mmoja alijaza "ndugu". Jibu hilo ni la kweli na halimsaidii mtu wa maabara hata kidogo.

Jeni za HLA hurithiwa kwa mafungu, moja la baba na moja la mama. Watoto wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi ya 25% ya kulingana kabisa, 50% ya kulingana nusu, na 25% ya kutolingana hata fungu moja. Wa mama mmoja na baba tofauti wanaweza kutarajia fungu moja tu kwa upande wa mama, tena kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Mtoto wa mama mdogo yuko mbali zaidi. Lakini kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao kwa desturi hufuata ukoo wa upande wa mama, watoto wa mama wakubwa na wadogo wamelelewa pamoja na wanaitana kaka na dada bila kuuliza zaidi. Mtu anayemwambia mchangiaji "wewe si ndugu halisi" kwa sababu ya kisanduku cha fomu amemtukana, na huenda akamkosesha mgonjwa mchangiaji.

Tumeondoa kisanduku na kuweka nafasi ya kuchora ukoo kuanzia kwa bibi mzaa mama: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, mstari kwa kila mtoto. Muuguzi huuliza tu nani alimzaa nani, na uhusiano unajionyesha wenyewe bila mtu kupewa cheo. Zoezi linachukua dakika chache zaidi ya fomu ya awali, na wazee walioshiriki majaribio walilifurahia kiasi kwamba ilitubidi kuwaomba waishie vizazi vitatu.

Mchoro huo huo umetufikisha kwenye suala la ridhaa. Katika ukoo wa namna hii mjomba ana kauli, na mpwa anaweza kuketishwa kwenye kikao cha familia na kutoka akiwa ameshakubaliwa kutoa figo kabla ya kuulizwa. Mwongozo unataka mchangiaji ahojiwe peke yake, katika chumba kilichofungwa, na aruhusiwe kujiondoa bila sababu yake kutajwa kwa jamaa. Mjomba anapewa nafasi yake ya heshima katika kikao cha maelezo kinachotangulia, lakini si katika chumba cha ridhaa.

Tumeongeza pia swali la mimba, zikiwamo zilizoharibika, na la kuongezewa damu. Mwili wa mama huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya tishu za upande wa baba wa mtoto. Rose Payne na Jon van Rood walizigundua kingamwili hizo katika damu ya wanawake waliozaa tangu 1958. Mwanamke aliyezaa watoto sita anaweza kuwa na seramu inayomshambulia mumewe au mwanawe anayetaka kumpa figo, na daktari anapaswa kulijua hilo mapema.

17 Agosti 2024: Swabu za shavuni na ukungu

Kwa wagonjwa wa selimundu walioongezewa damu mara kwa mara, na kwa vipimo vya uhusiano wa damu, swabu ya shavuni ndiyo sampuli inayopendekezwa, kwa kuwa damu iliyoongezwa inaweza kuchanganya chembe za mtu mwingine. Ni pamba kwenye kijiti, isiyo na sindano wala maumivu, na kila mtu aliidhania rahisi.

Swabu za kwanza zilifungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye zipu, kama picha ya kitabu ilivyoonyesha. Baada ya siku chache kabatini, pamba zilikuwa na madoa ya kijivu na harufu ya nguo iliyofuliwa ikaachwa kwenye beseni. Hewa ya Mtwara ina unyevu mwingi, na plastiki inaufungia ndani. Bakteria na ukungu hula vinasaba kabla maabara haijavipata. Bahasha za khaki zimechukua nafasi ya plastiki. Swabu inasimamishwa kwenye kibao chenye matundu kwa saa moja ikauke, inaingia kwenye bahasha, na bahasha zote zinakaa kwenye chombo chenye pakiti za silika, zinazofyonza unyevu. Swabu, bahasha na silika kwa majaribio yote zimegharimu Sh 64,000.

Marekebisho mawili mengine yalihusu kinywa chenyewe. Mtu asile kwa nusu saa na asukutue kwa maji kabla ya kuchukuliwa swabu, sharti ambalo litakuwa gumu msimu wa korosho utakapofika na kila benchi la kusubiria likawa na mtu anayetafuna. La pili lilitolewa na muuguzi wa wodi ya watoto na halikuwa katika rasimu yoyote ya kamati: mtoto anayenyonya ana chembe za mama yake mdomoni. Swabu ikichukuliwa mara baada ya kunyonya, matokeo yanaweza kuchanganya watu wawili. Tumeandika kwamba kinywa cha mtoto kifutwe na ipite angalau saa moja tangu aliponyonya. Wajumbe wa kamati waliomba jina la muuguzi liwekwe kwenye orodha ya waliochangia, naye ameridhia.

Fomu sasa inauliza pia kama mtu amewahi kupandikizwa uboho. Matibabu hayo yameanza kutolewa kwa watoto wenye selimundu Dodoma tangu 2023, na mtoto aliyepona kwa njia hiyo hubeba katika damu yake vinasaba vya aliyemchangia. Asipoulizwa, maabara ya utambuzi inaweza kumwandika mtoto huyo kuwa mtu mwingine.

21 Septemba 2024: Majibu ambayo hayakuombwa

Hiki ndicho kikao kilichokuwa kirefu kuliko vyote. Familia inapopimwa HLA ili kumtafutia mgonjwa mchangiaji, mtu wa maabara anaona mafungu ya baba, ya mama na ya kila mtoto. Mara nyingine anaona mtoto asiye na fungu lolote la baba anayemfahamu. Hakuna aliyeomba kujua hilo, na hakuna aliyeridhia lijulikane.

Wajumbe wawili walisisitiza kwamba mgonjwa ana haki ya ukweli wote kuhusu mwili wake. Wengine walitaka mwongozo unyamaze. Msimamo wangu, niliouandika kabla ya kikao ili usipotee katika lugha ya watu, ulikuwa kwamba kunyamaza kwa mwongozo ni kumwachia mtu mmoja wa zamu uamuzi wa kuvunja ndoa. Nchini mwetu maombi ya kupima uzazi yana njia yake kisheria, kupitia mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii, na kipimo cha figo kisigeuzwe mlango wa nyuma wa kupitishia kesi hiyo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za vinasaba nazo si za kutumiwa nje ya lengo lililotajwa.

Kifungu kilichopita kwa kura kinasema: ripoti itaeleza ulinganifu wa kila mchangiaji na mgonjwa peke yake, bila jedwali la familia nzima, fomu ya ridhaa itamwambia kila mtu kabla ya kutoa damu kwamba vipimo hivi vinaweza kugusa uhusiano wa uzazi na kwamba maabara haitautolea taarifa, na pale ambapo uhusiano huo unabadilisha matibabu, daktari mmoja aliyetajwa ndiye atakayezungumza na mhusika, faraghani. Sikupata kila nilichokitaka. Nilitaka sentensi ya ridhaa isomwe kwa sauti, kwa kuwa wengi hutia saini bila kusoma, na kamati imeiacha iwe hiari ya kila nchi. Katika nakala ya Kiswahili inasomwa.

26 Oktoba 2024: Lebo na sampuli ya pili

Mgonjwa na ndugu zake huja siku moja, huketi benchi moja, na majina yao ya pili na ya tatu ni yaleyale. Katika zoezi la kuigiza, tyubu za ndugu wawili zilibadilishana kwa sababu lebo ziliandikwa mezani baada ya damu zote kutolewa. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halijifichui: ndugu wa tumbo moja wakibadilishana tyubu, mafungu bado yanaafikiana na ya wazazi, na maabara haina cha kuishtua.

Kwa hiyo lebo inaandikwa mbele ya mtu, tyubu ikiwa mkononi, na mtoa damu anamwomba mhusika ataje jina lake mwenyewe, si kuitikia la kusomewa. Vitambulisho ni viwili, na umri wa kukadiria si kimojawapo. Sampuli ya pili, itakayochukuliwa wakati tofauti kwa ajili ya kuthibitisha, ni ya lazima kabla ya upasuaji. Nilipinga utaratibu wa kumwita mchangiaji mara mbili kutoka vijijini kwa ajili hiyo tu, na tumekubaliana kwamba damu ya njano ya krosimechi, ambayo kwa vyovyote inatolewa siku nyingine, ihesabiwe kuwa sampuli ya uthibitisho iwapo imeandamana na tyubu ya zambarau ya siku hiyo.

30 Novemba 2024: Toleo la kwanza na hesabu

Kamati imepitisha sura. Nakala ya Kiswahili ina kurasa chache kuliko rasimu ya Februari, kwa kuwa maelezo mengi ya mashine yameondolewa.

Matumizi yote ni Sh 802,000. Pamoja na kisanduku, vipimajoto, tyubu, vifaa vya swabu na kile kifurushi cha ndege, vifurushi vya basi vilichukua Sh 110,000, uchapaji Sh 58,000 na vifurushi vya intaneti vya vikao Sh 180,000. Chama kimerejesha Sh 384,000 za vifaa baada ya kutumiwa risiti, na hospitali imebeba uchapaji. Zilizobaki, Sh 360,000, zimetoka mfukoni mwangu. Anayetaka kurudia kazi hii asianze kwa kununua vipimajoto viwili. Kimoja kinatosha, mradi kisafiri na kifurushi.

Mambo mawili hayajatatuliwa. Damu iliyotumwa Ijumaa hufika Jumamosi jioni na hukuta maabara imefungwa hadi Jumatatu, na hadi sasa mwongozo unasema tu usitume Ijumaa. Pia hatujajaribu kutuma kutoka Lindi na Kilwa, ambako kisanduku kitapandishwa basi katikati ya safari na kondakta ambaye hakuzungumza na mtumaji. Majaribio hayo yamepangwa Februari, kabla ya mvua za masika, na hospitali mbili za mkoa wa Lindi zimekubali kushiriki.